Visanduku vya Pemba: shajara ya wiki moja ya kusi

Jumapili, Malindi hadi Mkoani

Mizigo mizito imetangulia na jahazi: saruji, mapipa ya plastiki, betri, paneli za sola. Kilichobaki ni kipimatetemeko kipya, nacho sikukubali kitiwe chini pamoja na mabegi na magunia ya abiria. Nimekipakata tangu bandari ya Malindi, Unguja. Kwa nje ni kopo la chuma la kushikwa kwa mikono miwili. Ndani mna vizito vidogo vilivyoning'inizwa, na saketi inayovizuia visisogee pale ardhi inaposogea. Nguvu inayotumika kuvizuia ndiyo inayoandikwa, mara 100 kwa sekunde, usiku na mchana, kwa pande tatu: juu na chini, kaskazini na kusini, mashariki na magharibi. Ardhi ikisogea hata kwa sehemu ya elfu moja ya unene wa unywele, chombo kinajua.

Agosti inakwisha na kusi bado limekaza. Tulipoiacha Nungwi nyuma boti ikaanza kucheza, watu wakalala chini, mifuko ikagawiwa. Hapo ndipo bahari yenyewe inapobadilika. Mkondo unaoitenga Unguja na bara una kina cha makumi ya mita tu. Miaka 20,000 hivi iliyopita, enzi ya barafu, bahari ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya mita 100, na Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Pemba sivyo. Mkondo wake una kina cha mamia ya mita, na kisiwa kimekaa peke yake kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui wake na Pemba haikuwa naye.

Kwa sisi tunaofuata mawimbi ya ardhi, tofauti hiyo ina maana kubwa. Bara, ganda la dunia huwa na unene wa kilomita 35 hadi 40 hivi. Chini ya bahari kuu ni kilomita 7 hivi tu. Madagascar iliyo kusini leo ilikuwa imeshikana na pwani hii. Ilianza kubanduka miaka milioni 160 na zaidi iliyopita, ikateleza kusini hadi ikasimama miaka milioni 120 hivi iliyopita. Mvutano wa namna hiyo hulinyoosha ganda na kulikonda. Mahali fulani kati ya Tanga na bahari kuu unene unashuka, na Pemba imekaa katikati ya mteremko huo. Hakuna kisima kinachoweza kufika huko chini. Mawimbi ya matetemeko yanafika.

Safari hii ni ya kuzizungukia stesheni za kupima matetemeko tulizoziweka Pemba Februari, kabla ya Ramadhani: kuzifungua, kunakili data, kutengeneza kilichoharibika, kisha kuchimba moja mpya upande wa Micheweni. Tuko watatu na dereva: mwalimu wetu wa jiofizikia, fundi wa umeme mzaliwa wa Wete, na mimi.

Jumatatu, Mkoani

Stesheni ya Mkoani ni nzima. Sheha alitupokea, akasoma barua ya ruhusa neno kwa neno kama alivyoisoma Februari, kisha akatupeleka mwenyewe nyuma ya skuli. Pipa kavu, betri ina chaji, saa ya setilaiti haijakosea. Tumenakili, tumefunga, tumeshukuru.

Jumanne, Pujini

Hapa pana kazi. Stesheni iko nyuma ya nyumba ya bibi mmoja mwenye shamba la mikarafuu, na huu ni wakati wa mchumo. Uwanja mzima umetandikwa majamvi, karafuu zimeanikwa, nyingine bado za kijani na nyingine zimeshageuka rangi ya udongo. Harufu inakaa kooni. Wajukuu wamekaa kivulini wanachambua, makonyo huku, karafuu kule.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Haya, mafuta mmeshayaona?"

Swali hili tumeulizwa kila tulipokwenda, na sioni ubaya wowote kuulizwa. Watu wa hapa wamesikia habari za mafuta tangu enzi za wakoloni. BP na Shell walichimba visima Unguja na Pemba miaka ya 1950 na 1960, na mwaka 2016 Zanzibar ilitunga sheria yake yenyewe ya mafuta na gesi. Mtu akija na paneli, nyaya na kompyuta, akafukia kitu nyuma ya nyumba yako, una haki ya kujua anatafuta nini. Mwalimu akakaa chini kwenye jamvi, akamweleza. Wanaotafuta mafuta hupiga ardhi wenyewe, kwa mizinga ya hewa baharini au kwa baruti na magari ya kutikisa nchi kavu, wakasikiliza mwangwi unaorudi kutoka kilomita chache za juu. Sisi hatupigi kitu.

"Kumbe mnaigonga ardhi kama mtu anavyogonga nazi," bibi akasema.

"Wa kugonga si sisi, bibi. Anayegonga yuko mbali, pengine Indonesia, pengine Japani. Sisi tunangoja hodi yake ifike hapa."

Bibi akafikiri, akauliza ikiwa kisanduku kinasikia pia watu wanavyozungumza ndani ya nyumba. Hapana, hakisikii maneno. Kinasikia akitwanga. Mwalimu akafungua kompyuta akamwonesha: saa kumi na mbili na robo ya asubuhi, vipigo vilivyopangika vizuri, kinu na mchi. Akacheka sana, akawaita wajukuu waje kuona. Naamini dakika zile zilitufaa kuliko barua yetu ya ruhusa.

Tatizo la Pujini ni udongo. Ni mfinyanzi, na mfinyanzi hunywa maji ya masika ukavimba, kisha jua la kipupwe likaukausha ukapasuka. Sakafu ndogo ya saruji tuliyoimwaga chini ya pipa imeinama. Nilipochungulia, kipovu cha pimamaji juu ya kipimatetemeko kilikuwa kimejibana ukingoni mwa duara, kimegusa mstari. Chombo kikiinama, mvuto wa dunia unaingia kwenye pande mbili za mlalo kana kwamba ni mwendo wa ardhi. Kwenye data inaonekana waziwazi: jua likichomoza, mstari wa kaskazini-kusini unaanza kupanda taratibu, jua likizama, unashuka. Mstari wa juu-na-chini ni safi kabisa. Nimekisawazisha kwa skrubu za miguuni, robo zamu kwa robo zamu, mpaka kipovu kikarudi katikati. Kitainama tena.

Tumeondoka na kilemba cha karafuu mbichi kwenye kitambaa na mashelisheli mawili.

Jumatano, Wete

Siku nzima ndani, na ndiyo siku niliyoingoja. Stesheni ya Wete iko karibu na nyumba tuliyofikia, kwa hiyo asubuhi tulinakili data yake na mchana tukafungua kompyuta zote sebuleni. Mfunguo Sita umeandama. Madrasa ya jirani wanafanya mazoezi ya maulidi, na dufu zao zinaingia mpaka ndani.

Tulianza na tetemeko la Myanmar. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani, 28 Machi 2025, saa 3 na dakika 20 asubuhi kwa saa zetu. Ardhi ilipasuka karibu na Mandalay kwa ukubwa wa 7.7, na maelfu ya watu wakafa. Mwalimu alituambia tunyamaze kidogo kabla hatujaigusa faili, tukasoma Fatiha. Nimependa kwamba alifanya hivyo. Mistari hii mizuri tunayoifurahia huanzia kwenye nyumba za watu.

Kutoka huko hadi Wete ni kilomita 6,800 hivi. Hakuna mtu Pemba aliyehisi kitu asubuhi ile. Lakini kwenye kioo, kiasi cha dakika 10 baada ya mpasuko, mstari uliokuwa ukitetema kidogo tu kwa bahari unajikunja ghafla kwenda juu. Hilo ni wimbi P, linalosukuma na kuvuta mwamba kuelekea linakokwenda. Limezama zaidi ya kilomita 1,500 ndani ya mantili, tabaka nene la mwamba lililo chini ya ganda, likajipinda, likapanda hadi chini ya miguu yetu. Dakika 8 hivi baadaye linafika wimbi S, linalotikisa mwamba kwa ubavu. Hili ni zito zaidi, na haliwezi kupita kwenye kimiminika. Nyuma yake yakaja mawimbi ya uso wa ardhi, marefu, ya polepole, yakaichukua stesheni kwa muda mrefu.

Tunachokitafuta kimejificha katika sekunde chache za mwanzo. Wimbi P likipanda kutoka mantili na kugonga sakafu ya ganda, sehemu yake ndogo hugeuka kuwa wimbi S palepale. S huenda polepole kuliko P, kwa hiyo sehemu hiyo hufika juu ikiwa imechelewa. Kwa ganda la kilomita 35 huchelewa kama sekunde 4. Kwa makadirio ya haraka, kila sekunde moja ni kilomita 8 hivi. Kilichogeuka huonekana kwenye mistari ya mlalo, kilichobaki P huonekana kwenye mstari wa wima. Ukiugawanya mlalo kwa wima kwa hesabu, mambo yote ya Myanmar yanafutika, urefu wa mpasuko na namna ulivyokwenda, na linabaki lile lililotokea chini ya stesheni peke yake. Nimeifanya hesabu hii mara nyingi darasani kwa data za nchi nyingine. Kuifanya kwa data ya Wete, dufu zikilia nje, nilisimama nikatembea sebuleni.

Sakafu hiyo ya ganda ina jina. Tarehe 8 Oktoba 1909 tetemeko lilipiga kusini ya Zagreb, na Andrija Mohorovičić, aliyekuwa akiongoza kituo cha hali ya hewa cha mji ule, akakusanya karatasi za vituo vingi vya Ulaya. Aliona kwamba kwenye vituo vya mbali mawimbi P yalikuja mawili badala ya moja. Moja lilipita njia ya juu, katika mwamba wa mwendo mdogo. Jingine lilishuka, likakuta mwamba unaopitisha mawimbi kwa kasi zaidi, likakimbia humo na kulipita la kwanza. Alikadiria mpaka huo kuwa kilomita 54 chini. Leo tunauita Moho, na kila anayepima unene wa ganda anapima kina cha Moho. Juu yake P huenda kilomita 6 hivi kwa sekunde, chini yake 8.

Pemba lakini haitoi jibu kirahisi. Visima vile vya zamani vilishuka zaidi ya kilomita 3 na bado vilikuwa ndani ya mashapo: mchanga, udongo na chokaa vilivyotupwa hapa na mito na bahari kwa mamilioni ya miaka. Mashapo ni laini, na mawimbi huenda polepole ndani yake. Wimbi likiingia humo linagonga juu, linarudi chini, linagonga tena, na mwangwi huo unaanguka palepale katika sekunde tunazozitaka. Kwenye data ya Wete tuliuona: badala ya kilele kimoja safi baada ya P, kuna msururu wa vilima na mabonde. Mwenye haraka atachagua kilima kimoja na kusema hii ndiyo Moho, akachapisha. Mwalimu alikifunika kioo kwa kiganja, akatuuliza kila mmoja ataje sekunde aliyoichagua. Majibu hayakulingana. "Basi," akasema, "kwa tetemeko moja hatuna haki ya kusema."

Dawa ni kukusanya matetemeko mengi kutoka pande nyingi na masafa mbalimbali, kwa sababu mwangwi wa mashapo na wimbi la Moho hubadilika kwa namna tofauti kadiri pembe ya kuingia inavyobadilika. Tena kuongeza ushahidi wa aina nyingine kabisa, ambao tutaufuata kesho Makangale.

Tumekula wali wa nazi na dagaa saa nne ya usiku. Hakuna aliyekumbuka njaa kabla ya hapo.

Alhamisi, Makangale

Kutoka Konde barabara inaingia msitu wa Ngezi, giza la kijani, mivule iliyonyooka. Popo wa Pemba walikuwa wamening'inia juu, wekundu kifuani, mabawa yamefungwa. Wanyama hawa wapo Pemba tu duniani, na jamaa zao wa karibu wako upande wa Madagascar na Asia.

Stesheni ya Makangale ndiyo yenye kelele kuliko zote. Bahari iko pande mbili, na kwa kusi hili mstari hautulii hata dakika moja. Zamani wataalamu waliziona kelele hizi kama uchafu wa kuondolewa. Bahari hutikisa ardhi kwa njia mbili. Mawimbi yakivunjika ufukweni hutoa mtikisiko wenye mapigo yaleyale ya mawimbi yenyewe. Mawimbi yanayokutana uso kwa uso hutoa mtikisiko wa haraka maradufu, wenye pigo moja kwa kila sekunde 5 hadi 10, na huo ndio wenye nguvu zaidi. Mwanahisabati Longuet-Higgins aliueleza kwa hesabu mwaka 1950.

Kisha ikagundulika kwamba kelele hizo zina kazi. Chukua rekodi ya Makangale na rekodi ya Mkoani, kaskazini na kusini ya kisiwa. Zilinganishe sekunde kwa sekunde kwa miezi: kila kilichopita stesheni moja kikafika nyingine baadaye, kitajirudia na kucheleweshwa kwa kiasi kilekile. Kinachotokana na upande mwingine kinajifuta. Mwishoni unabaki na wimbi moja safi, kana kwamba mtu amepiga ardhi Makangale na wewe umelipokea Mkoani. Mwaka 2005 watafiti Shapiro, Campillo na wenzao walichora kwa njia hii picha ya ganda la California, bila kungoja tetemeko lolote. Mawimbi haya ya uso wa ardhi yana sifa nzuri: mafupi husoma juu, marefu husoma chini zaidi. Yenye pigo la sekunde chache yatatuambia mashapo ya Pemba yana unene gani na mwendo gani. Ukishayajua mashapo, unaweza kuutoa mwangwi wao, na Moho ikajitokeza.

Mvuvi mmoja alikuja kukaa nasi tukinakili. Nilimwonesha rekodi ya Aprili na ya Julai, nikamuuliza ipi ya kusi. Akaigusa ya Julai bila kusita. Kisha akaonesha siku tatu ndani yake ambazo kelele ilizidi, akasema siku zile hakuna aliyetoka. Aliniuliza kama kisanduku kinaweza kumwambia hali ya bahari kabla hajatoka. Kinaandika bahari kuu ilivyo sasa, nilimwambia, hakitabiri. Akasema hata hiyo ingemfaa, kujua nje kumechafuka kabla ya mtu kusukuma ngalawa. Nimeliandika ombi lake katika ripoti, na nimeliandika juu, si mwishoni.

Sisimizi walikuwa wamejenga ndani ya boksi la betri. Fundi aliwatoa kwa brashi ya rangi, akapaka grisi kwenye tundu la waya.

Ijumaa, Wete

Hatukuenda kokote kabla ya sala. Baada yake tulikaa barazani, kahawa chungu na kashata, na mazungumzo yakageukia zilizala, yaani matetemeko.

Mzee mmoja alikuwa Unguja, kwenye majumba ya Michenzani, usiku wa tarehe 12 Agosti 2020. Ilikuwa saa mbili na dakika 13. Vikombe vikagongana kabatini, watu wakashuka ngazi mbio. Lilikuwa tetemeko la ukubwa wa 6.0 chini ya bahari, kusini-mashariki ya Dar es Salaam. Aliuliza kwa nini hapa, na sisi si watu wa volkano wala bonde la ufa. Lakini ufa wa Afrika Mashariki una matawi, na moja liko baharini mbele ya pwani yetu, kwenye nyufa zilezile za kale zilizoachwa na safari ya Madagascar. Ardhi inapovutwa upya hupasuka palipokwisha kupasuka. Na wazee wa baraza hii wana jamaa Komoro. Wanajua habari za Maore (Mayotte), ambako matetemeko yalianza Mei 2018 na ikaja kuonekana kwamba volkano mpya imezaliwa chini ya bahari, kilomita 50 hivi mashariki ya kisiwa, ikiwa na urefu wa mita 800 na ushei kutoka sakafuni. Tarehe 11 Novemba mwaka ule ilitoa mvumo mrefu wa pigo moja, dakika 20 na zaidi, uliosikika na vipimatetemeko dunia nzima na usihisiwe na mtu yeyote. Kutoka Pemba hadi huko ni kilomita 1,000 hivi.

Jioni tulifungua tetemeko la pili tulilolitaka, la Kamchatka, ukubwa wa 8.8, lililopiga saa 8 na dakika 24 usiku wa kuamkia 30 Julai kwa saa zetu. Kubwa mara nyingi kuliko la Myanmar, lakini kwa kupima Moho halifai. Pemba iko zaidi ya kilomita 12,000 kutoka pale, ndani ya kivuli cha kiini cha dunia. Kiini kinaanza kilomita 2,900 hivi chini, kama mtaalamu wa matetemeko Beno Gutenberg alivyokadiria mwaka 1913, na hulipinda wimbi P likaruka maeneo yetu. Mwanzo wa rekodi kwa hiyo ni hafifu, mwonekano usiofanana na tetemeko la ukubwa ule.

Lakini kuna wimbi jingine. Wimbi S lililoshuka kutoka Kamchatka likafika kwenye kiini cha nje, ambacho ni chuma kilichoyeyuka, na S haipiti humo. Likageuka P, likavuka kiini, na lilipotoka upande wetu likageuka S tena, likapanda moja kwa moja hadi Pemba. Kiini kimelifutia kumbukumbu zote za upande wa kule. Chochote lilichobeba lilipofika, limekiokota kati ya kiini na miguu yetu. Mantili ya juu imejaa madini ya olivini, na mwamba ukitiririka taratibu kwa mamilioni ya miaka, fuwele zake hujilaza upande mmoja. Wimbi S likipita kwenye fuwele zilizojilaza hugawanyika mawili, moja la haraka na moja la nyuma yake, mara nyingi kwa tofauti ya sekunde moja hivi. Mwelekeo wa lile la haraka unasimulia mwamba ulielekea wapi.

Nilimwomba mwalimu aniachie hesabu hii niifanye mimi. Amekubali. Kwa stesheni ya Pujini itabidi ningoje, maana wimbi hili linaonekana kwenye mlalo tu, na mlalo wa Pujini umejaa jua na udongo.

Hapa nitasema ninaloliamini. Mwaka 1994 na 1995 stesheni 20 ziliwekwa bara, zikavuka katikati ya Tanzania. Ndizo zilizoonesha kwamba ganda la huko lina kilomita 37 hadi 42, na kwamba mzizi wa mwamba wa kale chini ya katikati ya nchi unashuka kilomita 200 au zaidi, huku mantili ya kando yake, chini ya bonde la ufa, ikiwa na joto zaidi. Kazi kubwa. Lakini picha ya mawimbi huwa kali palipo na stesheni, na hufifia kadiri unavyotoka nje yake. Visiwa vyetu vinastahili stesheni za kudumu, zenye kutunzwa na vijana wa hapahapa na data yake kusomwa Unguja na Pemba kabla ya kusomwa kwingine. Visanduku vya kuazima vya mwaka mmoja na nusu vinafungua mlango tu.

Jumamosi, Micheweni

Nchi ya upande huu ni jiwe tupu. Udongo ni wa kuhesabu, muhogo unachomekwa kwenye nyufa za matumbawe ya kale. Kwa mkulima ni taabu. Kwa kipimatetemeko ni neema, maana jiwe haliinami.

Tulianza alfajiri na vijana wanne wa kijiji. Sururu iliruka juu ya jiwe na kutoa cheche. Wakaiacha, wakachukua mtaimbo, mmoja akishika na mwingine akipiga, wakitafuta mishipa ya jiwe na kuliondoa vipande vipande. Wanajua kuchimba chokaa, hawakuhitaji kuelekezwa. Adhuhuri shimo lilikuwa na kina cha mita moja. Sakafu yake ilikuwa nyeupe, na ndani ya jiwe ilionekana kombe zima, mistari yake bado mikali, la mnyama aliyeishi bahari ilipokuwa juu ya hapa.

Saruji, pipa, dira kwa ajili ya kaskazini, kipovu katikati. Fundi akaunganisha betri. Taa ya kijani ikawaka.

Kisha watoto. Walikuwa wamekusanyika tangu asubuhi, na mwalimu aliwapanga mstari hatua 20 kutoka shimoni. Moja, mbili, tatu, rukeni! Kwenye kioo mistari mitatu ikaruka pamoja. Msichana mmoja, wa darasa la sita, hakwenda kuruka tena na wenzake. Alisimama nyuma yangu akitazama.

"Tukirudi nyuma zaidi, si itachelewa kufika?"

Tuliwarudisha nyuma hadi kwenye mkungu, fundi akashika saa. Ilichelewa, kidogo sana, lakini kioo kilionesha. Akauliza tena: kama anajua hatua ni ngapi na imechelewa kiasi gani, anaweza kujua jiwe lina mwendo gani? Mwalimu akampa daftari lake na kalamu. Walikaa wawili juu ya jiwe mpaka Alasiri.

Jumapili, Micheweni

Tumelala Micheweni ili tuone usiku wa kwanza. Kelele ya bahari ipo, kama ilivyo kila mahali kisiwani. Lakini jua lilipochomoza niliutazama mstari wa kaskazini-kusini, uleule unaopanda kila asubuhi Pujini. Ulibaki ulipo. Na saa tisa ya usiku kulipita mawimbi marefu ya uso wa ardhi, ya tetemeko la wastani la mbali, pande zote tatu zikilionesha vizuri.

Tumekubaliana: chombo cha Pujini kitahamishiwa kwenye jiwe, upande wa mashariki, mnamo Oktoba kabla ya vuli. Bibi ataambiwa mapema, na mwalimu amesema ataenda mwenyewe. Sheha wa huku ameshatuonesha mahali, karibu na kisima, mbali na njia ya magari. Nyaya zitapita ndani ya bomba kwa sababu ya mbuzi. Nakala moja ya data iko kwenye begi langu, nyingine inabaki Wete kwa fundi.